Skrini ya wauguzi inaganda kila jioni: kosa ni la vifaa au la mtandao?

Muuguzi wa Katuba, Lubumbashi
Ndugu zangu, habari za kazi. Katika hospitali yetu ndogo tuna vipima oksijeni vinne, vile vya kubana kidoleni, ambavyo hutuma namba kwa Wi-Fi hadi skrini iliyo mezani petu. Mchana havisumbui, lakini ikifika saa kumi na moja, jamaa wanapoleta chakula cha wagonjwa, mawasiliano huanza kukatika. Juzi skrini ilionyesha oksijeni ya damu asilimia 97 nami nikaridhika, mpaka mlezi wa mgonjwa alipokuja kuniita: kitandani kipimo kilisoma 84 na kilikuwa kikilia. Tulimwekea oksijeni akatulia, ila tangu hapo siiamini skrini hiyo. Je, tununue vifaa vipya?

Fundi wa Kamalondo
Dada, msinunue kitu kwanza. Vifaa vingi vya bei nafuu hutumia masafa ya gigahezi 2.4 pekee, ambako simu za wageni, Bluetooth na hata mikrowevu ya jikoni hugombea nafasi, na njia zisizoingiliana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11. Wageni wapewe mtandao wao, ikiwezekana kwenye gigahezi 5, na vipimo vibaki na wa kwao. Kutenganisha huko pia kunazuia virusi vya kompyuta visivuke: Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilisambaa ndani ya mitandao ya hospitali za Uingereza hadi miadi ya wagonjwa ikaahirishwa. Nenosiri la kiwandani nalo mlibadilishe.

Mama Chanjo, Bukavu
Fundi amesema vema, lakini kinachonitisha mimi ni ile 97. Skrini iliyozimika humfanya muuguzi ainuke aende kitandani. Iliyoganda humwacha ameketi. Tafuteni kwenye mipangilio kengele ya kupotea kwa mawasiliano. Kwetu, jokofu la chanjo, ambalo joto lake halitakiwi kutoka kati ya nyuzi 2 na 8, lina kihisi kinachotuma ujumbe kwa laini ya simu, kwa sababu umeme ukikatika ruta, kile kifaa kinachorusha Wi-Fi, huzimika nao. Hata hivyo karatasi ya joto naijaza kwa kalamu asubuhi na jioni, vijana wakinicheka.

Muuguzi wa Katuba, Lubumbashi
Asanteni sana. Nenosiri la Wi-Fi limebandikwa mapokezi, na aliyelibandika ni mimi. Kengele ilikuwepo, ila wa zamu ya usiku waliizima kwa kuchoshwa na kelele. Nimeiwasha, na leo imelia mara sita kabla ya saa moja. Kaka fundi, ruta ya pili tuiweke wapi, ikiwa chumba cha eksirei chenye kuta za madini ya risasi kiko katikati ya mapokezi na wodi?

Fundi wa Kamalondo
Wi-Fi haitapenya risasi, dada. Vuteni waya mpaka wodini, ruta ikae hukohuko juu ya mlango, pamoja na betri yake.