Mnaouza mabapa ya visu ya "Dameski", huu ni wizi wa mchana kweupe!

Wakuu, nina hasira na nitaisema yote.

Kuna mabapa ya visu yanauzwa matupu, unanunua ukatie mpini mwenyewe. Nililonunua liliandikwa chuma cha Dameski, kile cha tabaka nyingi chenye mchoro wa mawimbi, tabaka zaidi ya 200, limeshatiwa moto na kukomazwa. Kazi yangu ibaki mbao na gundi tu. Uongo mtupu!

Nilipiga msasa sehemu inayoingia kwenye mpini ili gundi ishike. Yale mawimbi mazuri yakafutika, chini yake chuma cha kijivu, kitupu. Sasa tuelewane, maana kuna watakaosema hata Dameski halali hufifia ukiisugua. Ni kweli, hufifia, lakini haifi. Mhunzi anachukua vyuma viwili, mara nyingi 1095 na 15N20, anavipanga tabaka, anaviunganisha kwa moto na nyundo, kisha anachovya bapa kwenye kloridi ya feri, kemikali inayokula chuma. 1095 inakuwa nyeusi, 15N20 inabaki inang'aa kwa sababu ina nikeli kama asilimia 2. Mchoro umo ndani ya chuma chenyewe, kwa hiyo ukichovya tena unarudi. Langu nililichovya tena likawa jeusi kote, hakuna hata mstari mmoja. Nikatazama mgongo wa bapa, ambako mistari ingepaswa kuvuka kutoka upande huu kwenda wa pili. Hakuna kitu. Mchoro ulichapwa juujuu!

Hilo la mchoro ningelimeza kwa shida. La ugumu silimezi. Nimepitisha tupa ukingoni, ikauma na kumwaga unga wa chuma. Vyuma hivyo viwili vikikomazwa vizuri hufika karibu 58 hadi 60 kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell, na hapo tupa huteleza tu. Kisu laini namna hii utakinoa leo, kesho hakikati nyanya.

Nimemwandikia muuzaji, jibu lake eti "kila kipande kina mchoro wake wa kipekee". Nani kamuuliza habari za upekee? Nimemuuliza ni chuma gani, kimya mpaka sasa.

Na msiniambie rahisi ni ghali. Bei ndogo haimpi mtu ruhusa ya kudanganya. Andika "chuma laini chenye mchoro wa juu", anayetaka pambo la ukutani atanunua.

Kinachoniuma zaidi ni jasho la watu. Mtu anachagua mbao yake nzuri, anaikata, anaichonga ifuate kiganja, anapaka epoksi, anagonga ribiti, anasugua msasa laini mpaka mpini unang'aa. Gundi ikishakauka huutoi mpini huo bila kuuharibu. Ndipo anagundua kisu hakishiki makali. Nani atamlipa kazi ile?

Mwenye bapa ambalo bado halijatiwa mpini, asiguse gundi kwanza. Piga msasa ile sehemu itakayofichwa na mbao, chovya upya, jaribu tupa kwenye ukingo, halafu weka picha hapa za mgongo na ubavu tuone.

Na ninyi wauzaji mliomo humu, nataka majibu mawili tu: chuma gani, na ugumu wake kiasi gani?