Naombeni ushauri: diski ninazochoma nyumbani hazichezi kwenye deki za wazee wetu wa Idjwi

Mwana wa Kadutu (mwanzisha uzi)

Habari zenu, kaka, dada na wazee wangu. Ninaandika kutoka Kadutu, hapa Bukavu, kuhusu jambo ambalo limeninyima raha kwa wiki tatu sasa. Mwaka jana tulimwozesha mdogo wangu, na arusi ile tuliipiga video kwa simu pamoja na kamera ndogo ya kuazima, jumla yake saa tatu na dakika kumi. Ndani ya video hiyo bibi yetu anazungumza kwa karibu nusu saa, akiwataja wazee wa ukoo mmoja baada ya mwingine na kuwabariki maharusi. Bibi alifariki kabla ya Pasaka, na ndugu zake walioko Idjwi, ambao siku ya arusi hawakuweza kuvuka ziwa, wameniomba niwapelekee maneno yake. Kwao intaneti si ya kutegemea. Walicho nacho ni televisheni ndogo na deki za DVD zinazotumia betri za sola.

Nilinunua diski kumi, nikaburuta faili za MP4 na kuzichoma kama zilivyo. Kompyuta inazifungua vizuri, lakini deki ya jirani inazungusha diski kwa muda mrefu, kisha inaandika kwamba haisomeki. Nikapeleka faili kwenye duka moja la mjini, nikalipa, wakanichomea diski mbili: moja haikucheza kabisa na nyingine ilitoa sauti bila picha. Nimekosea wapi? Na je, video zenye gigabaiti 14 zitaingiaje kwenye diski iliyoandikwa 4.7?

Fundi wa Nyawera

Pole sana kwa msiba, ndugu yangu. Kosa lako ni moja, na wengi wanalifanya: umechoma diski ya data, ilhali deki inatafuta diski ya video. Deki ya kawaida ya DVD haijui MP4 ni kitu gani. Unapoiwekea diski, inatafuta folda iitwayo VIDEO_TS yenye faili za VOB, IFO na BUP, na ndani ya hizo VOB inatarajia kukuta picha za MPEG-2 zenye upana wa nukta 720 na urefu wa 576 kwa mfumo wa PAL, au 480 kwa mfumo wa NTSC (hiyo ni mifumo miwili ya picha za televisheni). Simu yako hurekodi kwa H.264 au H.265, namna mpya zaidi za kubana video kuliko MPEG-2, ambazo deki nyingi za zamani haziwezi kuzifumbua. Naamini ndiyo sababu diski moja ya duka lile ilitoa sauti tu.

Kwa hiyo kuna kazi mbili tofauti, na ni vizuri usizichanganye. Ya kwanza ni kuigeuza video na kuipanga katika muundo wa DVD; DVDStyler, programu ya bure inayofanya kazi kwenye Windows na kwenye Linux, inaiweza kazi hiyo pamoja na kukutengenezea menyu. Ya pili ndiyo kuchoma kwenyewe. Nakushauri uiambie DVDStyler isichome moja kwa moja, bali ihifadhi kwenye kompyuta faili ya ISO, yaani nakala ya diski nzima ndani ya faili moja, kisha uichome ISO hiyo kwa ImgBurn, au kwa K3b ikiwa unatumia Linux. Kugeuza saa tatu za video kwenye kompyuta ya zamani kunaweza kula usiku mzima, na umeme ukikatika katikati utakuwa umepoteza muda tu. Ukikatika wakati wa kuchoma, diski ya DVD-R imekufa. Ukishakuwa na ISO, utachoma nakala sita au kumi bila kugeuza tena.

Kuhusu gigabaiti 14, usitishike. Ukubwa wa faili za mwanzo hauna maana hapa, kwa sababu zitaandikwa upya. Kinachohesabiwa ni urefu wa video kwa saa.

Dada wa Ibanda

Kaka, kwa nini ujitese na diski? Deki nyingi zina tundu la USB mbele. Weka video kwenye flashi, umpe mtu anayepanda boti, na mambo yamekwisha.

Fundi wa Nyawera

Dada yangu, wazo lako ni jema pale deki ni mpya, lakini tundu la USB halibadilishi ubongo wa deki. Zile za zamani husoma flashi yenye AVI za Xvid au DivX, yaani video za mtindo wa zamani, na kuikataa MP4 ya simu. Tena nyingi zinataka flashi iliyoandaliwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, ambao haipokei faili moja inayofikia gigabaiti 4. Kwa wazee walio ng'ambo ya ziwa, wasio na kijana wa kuwasaidia, diski inayoanza kucheza yenyewe ikishaingizwa bado ndiyo njia ya heshima.

Papa wa Kwaya, Bagira

Mwanangu, mimi nimechoma ibada na nyimbo za kwaya yetu kwa miaka mingi, na napenda kuongeza jambo ambalo Fundi amelipita haraka. Usijaribu kuzibana saa tatu na dakika kumi kwenye diski moja. Tufanye hesabu: diski hiyo inabeba baiti bilioni 4.7 (kompyuta itakuonyesha 4.37 kwa sababu inahesabu kwa namna yake, hujaibiwa), yaani karibu megabiti 37,600, kwa kuwa baiti moja ni biti nane. Ukizigawa kwa sekunde 11,400 za video yako, unapata megabiti 3.3 kwa sekunde, sauti ikiwemo. Kwa kiwango hicho mtu aliyeketi ataonekana, lakini ngoma na vumbi la uwanjani vitageuka miraba miraba. Ukigawa arusi kwenye diski mbili za dakika 95, kila moja inapata megabiti 6.6 kwa sekunde, na hapo uso wa bibi yenu utaonekana hadi mikunjo yake. Na hotuba yake usiikate katikati; iwekee kitufe chake kwenye menyu, ili wazee waifikie bila kupitia arusi nzima.

Jambo la pili ni diski zenyewe. Nunua DVD-R, usinunue DVD-RW, kwa maana zile za kufutika hurudisha mwanga kidogo na macho ya deki iliyochakaa hushindwa kuziona. Choma kwa kasi ya 4x: diski iliyojaa itachukua takriban robo saa, nawe usiiguse kompyuta kwa muda huo. Hakikisha programu imeifunga diski mwishoni, yaani imekamilisha uandishi wake ili deki iweze kuisoma, kisha programu iisome tena na kuilinganisha na ISO. Kama kichomeo chako ni cha nje, cha USB, kichomeke kwenye kompyuta yenyewe, si kwenye kigawanyio cha matundu ya USB, kwani kikikosa umeme wa kutosha huharibu diski huku ukidhani diski ndiyo mbovu. Usibandike karatasi juu yake. Andika kwa kalamu laini ya wino usiofutika, na uwaambie wazee wasiiache juani, kwa kuwa rangi inayohifadhi data ndani yake huharibiwa na mwanga.

Mwalimu wa Panzi

Naomba kuongeza neno dogo tu. Simu nyingi hurekodi picha 30 kwa sekunde, na PAL ina 25, hivyo picha moja katika kila sita hutupwa na wachezaji wa ngoma huonekana wakirukaruka. NTSC huliepuka hilo, lakini televisheni ya zamani isiyoifahamu inaweza kuonyesha picha nyeusi na nyeupe. Waulize kwanza wana televisheni gani. Ukikosa jibu, tumia PAL.

Mwana wa Kadutu (mwanzisha uzi)

Wazee wangu, nawashukuru kutoka moyoni. Nilifuata maneno yenu: diski mbili, mfumo wa PAL, sauti ya AC-3 (mtindo wa sauti ambao deki za DVD huufahamu), na ISO zilizotengenezwa usiku wakati umeme ulikuwa umetulia. Nilipochoma kwa 4x kitu hakikwenda sawa mara ya kwanza, nikakumbuka onyo la Papa wa Kwaya na kukuta kichomeo nimekichomeka kwenye kigawanyio; nilipokihamisha, diski mbili zilizofuata zilikamilika na kulingana na ISO bila kosa. Jana jioni tulizijaribu kwenye ile deki ya jirani iliyonikatalia. Menyu ilitokea, nikabonyeza kitufe cha hotuba, na mama yangu alipomsikia bibi akianza kutaja majina alituomba tuirudishe mwanzo mara tatu. Nimechoma jozi nne nyingine, nikaziandika kwa kalamu, na baba mkubwa atavuka nazo kwa boti ya Jumamosi. ISO zote mbili nimezinakili pia kwenye diski kuu ya nje ya dada yangu aliye Nguba, ili siku nyingine mtu wa ukoo akihitaji nakala tusianze upya.