Ludo iingie mashindano ya mtaa, ao ni bahati tu?

Mwana Kadutu: Vijana wa kwetu hapa Bukavu wanapanga mashindano ya vakansi. Dama imepita bila neno. Ludo, mbio za kete kwa kurusha dadu, imekataliwa, eti anayeshinda hajui ameshinda kwa nini. Mimi napinga. Asiyejua anasukuma kete ya mbele kila mara, anayejua anahesabu. Kete yako ikiwa hatua tatu mbele ya adui, anaila kwa tatu peke yake: mara 1 kati ya 6. Ikiwa hatua saba, lazima atoe sita, arushe tena, atoe moja: mara 1 kati ya 36. Kuchagua pa kusimama hapo ni bahati?

Mzee wa Ibanda: Hesabu ni nzuri, mdogo wangu, lakini umeruka mwanzo. Bila sita hutoki nyumbani. Rusha mara nne: karibu asilimia 48 ya nafasi ni kwamba sita haitatokea hata moja. Wenzako wanazunguka, wewe unatikisa kikombe. Ukitoka na kete moja, utachagua nini? Dadu ndiyo inacheza, wewe ni mkono wake tu.

Mama Neema, Nguba: Basi tuilaumu sheria ya sita, tuache dadu. Backgammon nayo ni mbio za dadu, mbili, kete 15 kila upande, na ina mabingwa wa dunia, maana karibu kila mrusho unakupa njia nyingi za kusogea. Nyoka na ngazi haina uamuzi hata mmoja. Mtoto asiyejua kusoma anamfunga babu yake. Ludo iko katikati. Ilitokana na pachisi ya Wahindi, Waingereza wakaisajili 1896 kwa sheria nyepesi. Kwa hiyo hakuna dhambi tukigusa sheria: kila mtu aanze na kete mbili nje, na mshindi apatikane kwa raundi tano. Raundi moja, ni kweli, haipimi kitu.

Kijana wa Bagira: Mnabishana dadu, mimi naogopa macho. Wanne mezani, wawili wakikonyezana, wa tatu anawindwa mpaka anarudi nyumbani na kete zote. Huyo ameshindwa na urafiki wa watu. Na mkiweka pesa mezani ndiyo kabisa.

Mama Neema, Nguba: Pachisi inachezwa wawili kwa wawili, wanaokaa uso kwa uso ni timu. Tufanye hivyo: mapatano yawe wazi, asiwepo wa kukonyeza. Pesa hapana, hapo niko na wewe.

Mzee wa Ibanda: Kete mbili nje, sawa. Lakini nikifungwa kwa sita tatu mfululizo nitalalamika tu.

Mwana Kadutu: Lalamika, mzee, dama hutapata hata pa kulalamikia. Shida yangu sasa ni saa. Raundi tano kwa timu nane, giza linaingia saa kumi na mbili, na umeme wa kwetu mnaujua. Nani ana taa ya jua ya kukopesha?