Mjadala: Dawa mpya za saratani ya kongosho zishindanishwe na nini?

Mwanzisha mada: Wadau, jaribio la NAPOLI 3 (2023) lilikuwa na wagonjwa 770 wenye saratani ya kongosho iliyosambaa. NALIRIFOX, yenye dawa nne, ilishindanishwa na tiba ya dawa mbili, jemsitabini pamoja na nab-paklitakseli. Nusu ya waliopata NALIRIFOX waliishi zaidi ya miezi 11.1, upande wa pili, 9.2. Lakini FOLFIRINOX, mchanganyiko wa zamani wa dawa zilezile nne, nayo ilifika 11.1 katika jaribio la 2011! Kati ya dawa hizo, kilichobadilika hasa ni irinotekani kufungwa ndani ya vijipovu vya mafuta, na oksaliplatini kushushwa kutoka miligramu 85 hadi 60 kwa mita ya mraba. Mbona haikupimwa dhidi ya ndugu yake? Naona swali limekwepwa.

Mchangiaji wa 2: Ndugu, namba za majaribio mawili haziwekwi kwenye mzani mmoja. Lile la 2011 liliishia umri wa miaka 75, likachukua wenye nguvu tu. Jemsitabini na nab-paklitakseli ni tiba halali, wagonjwa wengi ndiyo wanayopewa. Kukwepa kungekuwa kutumia jemsitabini peke yake.

Mchangiaji wa 3: Halafu FOLFIRINOX ipi? Ile kamili ilishusha vibaya chembe nyeupe za takriban 46% ya wagonjwa. Ndiyo maana madaktari wengi huondoa fluorourasili (mojawapo ya dawa zake nne) ya kudungwa mara moja na kubaki na dripu ya saa 46. Wengine hushusha irinotekani kutoka miligramu 180 hadi 150 kwa mita ya mraba. Itifaki isipotaja toleo moja, hujui umelinganisha na nini. Na mrija wa nyongo ukiziba, irinotekani haitoki mwilini vizuri. Mgonjwa anaharisha hadi anaishiwa maji. Bilirubini, rangi ya nyongo inayopanda kwenye damu mrija ukiziba, ipimwe kabla ya kila mzunguko, si siku ya kuandikishwa tu.

Tena kurundika dawa kuna hatari. Jaribio la S1313 liliongeza kimeng'enya PEGPH20 juu ya mFOLFIRINOX (toleo lililorekebishwa), miezi ya kuishi ikashuka kutoka 14.4 hadi 7.7. Madhara ya tumbo na damu kuganda yaliongezeka, na tiba ikakatishwa mapema.

Mwanzisha mada: Kuhusu toleo nakubali. Ila Japani walithubutu: jaribio la JCOG1611 lilishindanisha mFOLFIRINOX na jemsitabini pamoja na nab-paklitakseli uso kwa uso. Lilisimamishwa katikati, miezi 14.0 dhidi ya 17.1, maana mFOLFIRINOX haikuonekana ingeshinda. Kumbe inawezekana.

Mchangiaji wa 2: Hapo umenisaidia mimi! Kama jemsitabini na nab-paklitakseli hazikushindwa, basi zinafaa kulinganishia. Ninachodai ni ganzi ya vidole ihesabiwe kila ziara pande zote mbili, kwa sababu oksaliplatini na paklitakseli zote huharibu neva.