Ofisi za umma zihamishe mafaili kwa programu huria pekee?

Mleta mada: Wakuu, faili lenye taarifa za raia lisihamishwe kwa programu ambayo msimbo wake (maandishi yanayoiunda) umefungwa, bali kwa programu huria, ambayo yeyote anaweza kuusoma. Mwaka 2023 wahalifu walipenya MOVEit, programu ya kulipia ya kuhamisha mafaili, kupitia tundu la SQL (amri za hifadhidata), wakachota data za taasisi nyingi. Wateja hawakuweza kukagua chochote, walibaki kusubiri kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu. Programu huria za kuhamisha mafaili, rsync na OpenSSH, zipo, tena bila ada ya leseni.

Mlinzi wa Seva: Hilo neno "pekee" nalipinga. Machi 2024 ulikutwa mlango wa siri ndani ya xz 5.6.0 na 5.6.1, programu huria ya kubana mafaili, ukilenga SSH, njia salama ya kuingia kwenye seva. rsync nayo ilibidi itoe toleo 3.4.0 Januari 2025 kuziba matundu. Msimbo kuwa wazi si hakikisho kwamba kuna anayeusoma.

Mleta mada: Lakini ule wa xz ulinaswaje? Mhandisi wa programu Andres Freund aliona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde, akafuatilia hadi kwenye chanzo. Kwenye programu iliyofungwa angebaki na ucheleweshaji wake tu.

Fundi Mtandao: Mnabishania leseni, na mafaili yanapotea kwa mambo mengine kabisa. FTP ya kawaida, itifaki ya zamani ya kuhamisha mafaili, poti 21, hupitisha nywila bila kuisimba, hata ukiitumia ndani ya programu ya FileZilla ambayo ni huria. Hamieni SFTP, inayohamisha mafaili kupitia SSH, poti 22, mkiingia kwa ufunguo badala ya nywila: `ssh-keygen -t ed25519`, kisha `ssh-copy-id`, ndipo uweke `PasswordAuthentication no` kwenye mipangilio ya SSH ya seva. Usifunge dirisha la kwanza kabla hujajaribu ufunguo kwenye la pili, utajifungia nje.

Kwenye rsync angalia mkwaju (/) wa mwishoni mwa jina la folda. `data/` hupeleka vilivyomo, `data` huunda folda hiyo upande wa pili. Hatari kubwa ni `--delete`, inayofuta upande wa pili kisichopo kwenye chanzo: diski ya chanzo ikiwa haijapachikwa, rsync huona folda tupu na kufuta nakala yote. Tanguliza jaribio la `-nv`, lisilobadilisha kitu, uone kitakachofutwa. Syncthing, programu ya kulandanisha folda za kompyuta mbili au zaidi, vilevile si nakala ya akiba. Ukifuta huku, kule kunafutika, na matoleo ya zamani hayatunzwi mpaka uwashe mwenyewe.

Mlinzi wa Seva: Basi zabuni itaje itifaki, mfano SFTP, leseni tuiache.

Mleta mada: MOVEit ilikuwa na SFTP, mkuu. Tundu lilikuwa kwenye sehemu yake ya wavuti, ambayo mnunuzi hakuruhusiwa kuisoma. Nakubali hoja ya viraka: fedha ya leseni imlipe mtu wa kuviweka siku vinapotoka.