Mrejesho: Nimerudi Tanga baada ya miaka 19 Uingereza

Mwaka jana niliwauliza kama nirudi nyumbani moja kwa moja baada ya kuishi katika mji wa Reading, Uingereza, kwa miaka 19, na wengi wenu mlinishauri nije kwanza miezi mitatu, bila kusafirisha mizigo, nijipime. Nawashukuru sana, kwani nilifuata ushauri huo na sasa nimehamia rasmi.

Kwa kuwa sheria yetu ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, nami sikuwahi kuchukua wa Uingereza, suala la kibali cha kuishi halikunihusu. Kilichonisumbua ni namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ambayo bila hiyo huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, na bila laini hutumi wala hupokei fedha kwa simu. Siku ya kuchukuliwa alama za vidole, mashine ilikataa kusoma vidole vyangu viwili vya mkono wa kulia, vilivyochakaa kwa miaka mingi ya kufanya usafi kwa dawa kali. Kijana aliyenihudumia akavifuta taratibu kwa kitambaa chenye maji, akirudia, "Jaribu tena, mama," mpaka vikasomeka. Nililia pale pale.

Kwa walioulizia gharama za kontena, sikuleta. Niliuza kila kitu nikabaki na mabegi mawili.

Mama yangu bado hajazoea. Kila alfajiri hufungua mlango wa chumba changu, akanitazama, kisha akaurudishia bila kusema neno.