Madumu ya maziwa yamejaa jikoni, mnayafanyia nini?

Hamjambo ndugu zangu,
Watoto wangu wanamaliza madumu mawili ya maziwa kwa wiki, na roho inaniuma kutupa dumu zima lenye mkono na kifuniko chake. Nimeanza kuyajaza maji ya kunywa ya akiba. Mume wangu anasema maji yananuka. Anazidisha?

Re: Madumu ya maziwa
Dada, shemeji hazidishi. Mafuta na protini za maziwa hung'ang'ania plastiki, hasa ndani ya ule mkono wenye uwazi ambako burashi haifiki, na bakteria wanapata pa kuponea. Usidhani maji ya moto yatakuokoa. Nililimiminia dumu maji yanayochemka, likalegea na kupinda mkononi, nusura niungue. Maji ya kunywa weka kwenye chupa za soda zilizooshwa vizuri.

Kazi nyingine madumu yanaziweza. Kata kitako kwa mshazari, mkono ubaki: umepata kata ya kuchotea udongo. Toboa kifuniko kwa sindano ya moto, unamwagilia miche bila kuifukua. Ukitaka barafu ya kupozea vyakula safarini, jaza robo tatu tu. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na dumu hupasuka. Ila petroli au dawa ya kufulia, hata siku moja! Mtoto akiona dumu la maziwa anajua ni maziwa.

Re: Re: Madumu ya maziwa
Yanayobaki peleka kwenye pipa la urejelezaji. Tazama kitakoni, utaona namba 2 ndani ya pembetatu ya mishale. Hiyo ni alama ya plastiki iitwayo HDPE, na wanunuzi wa plastiki huipenda. Suuza tu, si lazima ling'ae kama sahani ya wageni. Kifuniko, mji mmoja unataka kiachwe, mwingine kitolewe, kwa hiyo soma karatasi ya manispaa yako. Usiyafungie kwenye mfuko wa plastiki, maana mifuko hujiviringisha kwenye mashine za kuchambulia taka na kuzikwamisha. Maboksi ya maziwa ni habari nyingine, yale ni karatasi iliyopakwa plastiki.

Re: Re: Re: Madumu ya maziwa
Asanteni sana. Maji yote nimemwagilia maua. Shemeji yenu bado sijamwambia kwamba alikuwa sahihi.